Radhi Kabla ya Narung'ombe

Jumapili, 9 Novemba

Tumeanza tena. Alfajiri tulikutana uwanja wa ndege, tukauzunguka kwenye nyasi kavu hadi jua likapanda, wanaume mbele, dufu katikati, wanawake nyuma. Mimi nyuma kabisa kama kawaida, maana hatua zangu ni fupi. Tutafanya mazoezi kila Jumapili hadi Januari, kisha tutatoka hapa Nachingwea kwa miguu kwenda Narung'ombe, kwenye kaburi la Shekhe Mnonjela, tufike kabla ya Miraji. Mwendo wa siku tatu. Nimeutembea tangu nilipotoka unyagoni, nikimfuata mama yangu.

Mwaka huu mama hayupo, alifariki mwezi wa saba. Na mwaka huu Nuhu, aliyekuwa mume wangu, anatembea na mke mwingine.

Mama alilazwa muda mrefu, nami nilikuwa naye huko huko hospitali. Nikiwa huko, Nuhu akamwoa Samia, binti wa kule Mtama. Siku ya hitima ya mama, watu wakiwa bado wanakula, meseji ikaingia kwenye simu yangu: nimekupa talaka, vitu vyako viko kwa jirani. Baadaye akawaambia watu wa msafara kwamba niliondoka mwenyewe, kwamba nilichoka na ndoa. Wakaamini. Yeye ndiye anayeongoza kaswida. Ana sauti nzuri, na mtu mwenye sauti nzuri huaminiwa upesi.

Baada ya mazoezi tulikaa duara kuombana radhi. Ndiyo desturi yetu: hatoki mtu na kinyongo, maana msafara wenye kinyongo haufiki. Mzee Mbaruku, kiongozi wetu, ndiye anayesimamia. Nuhu akainuka, akaja mbele yangu, akasema kwa ile sauti yake:

"Mama Zulfa, nisamehe kama nimekukosea."

Nikasema, "Nimesikia."

Mzee Mbaruku akanikumbusha taratibu, kana kwamba mimi ni mgeni, "Jibu lake ni nimesamehe, mwanangu."

"Najua, mzee. Nimesikia."

Tukamalizia na dua, tukatawanyika. Nilipofika nyumbani, mtaa wa Stesheni, nilikunywa chai, nikakaa kwenye cherehani.

Jumatano, 12 Novemba

Umeme hakuna. Nimeshona kwa mguu. Sare za shule tu.

Jumapili, 16 Novemba

Leo tumekwenda hadi Naipanga na kurudi. Jua kali. Njia nzima mabibo yameoza chini ya mikorosho, harufu yake inakaa kwenye nguo.

Kwenye duara Nuhu akaja tena. "Mama Zulfa, nisamehe kama nimekukosea." Nikasema nimesikia.

Mwanaima, rafiki yangu anayeuza vitumbua pale sokoni, alirudi nami njiani. Akasema, "Mwenzangu, kwani unapungukiwa nini ukisema?"

"Nitakuwa nimesema uongo."

"Watu wote wanasema. Unadhani mimi nimemsamehe wifi yangu?"

Nilicheka. Sikuwahi kufikiri kwamba duara lile lina watu wa aina hiyo, nilidhani ni mimi tu. Lakini kucheka hakukubadilisha kitu.

Jumapili, 23 Novemba

Naipanga tena. Amesema. Nimesikia.

Ijumaa, 28 Novemba

Mzee Mbaruku amekuja nyumbani baada ya sala ya Ijumaa. Mwanangu Zulfa, aliye kidato cha tatu, alimpa shikamoo, akamwekea kiti na maji, kisha akasimama mlangoni kusikiliza. Sikumfukuza.

Mzee alizungumzia mvua, akazungumzia minada ya korosho, akaingia kwenye la kumleta. "Mama Zulfa, mimi nimeongoza msafara huu tangu mama yako ni msichana. Sijawahi kumwacha mtu nyuma. Usinifanye nianze uzeeni."

"Mzee, Nuhu alikuambia niliondoka mwenyewe. Ulimwuliza yeyote?"

Akazungusha kikombe mkononi. "Mambo ya ndoa za watu, mwanangu, mtu haingii."

"Basi na la kusamehe nalo ni la ndoa za watu."

Akaondoka bila kumaliza maji. Miaka yote nilimwona Mzee Mbaruku mtu wa haki. Leo nimemwona mtu anayependa utulivu. Vitu hivyo viwili vinafanana ukiviangalia kwa mbali.

Zulfa akasema, "Mama, uache tu ziara. Mwaka mmoja." Nikamwambia kwenye msafara huu sikuletwa na baba yake. Mimi ndiye niliyemleta huyo baba yake.

Jumapili, 7 Desemba

Mvua ya kwanza ya kweli. Ilitukuta njiani, mahali pasipo hata kibanda, tukaloa wote. Dufu moja limelegea ngozi. Masoudi, muuza mitumba anayetembea daima mbele karibu na Nuhu, aliteleza kwenye tope jekundu akateguka kifundo.

Tulipokuwa tunamkanda alisema, hata bila kunitazama, "Mambo haya yana sababu."

Hakuna aliyemwuliza sababu gani. Walinitazama mimi. Mvua ya Desemba hunyesha Desemba, nami nilitaka kusema hivyo, lakini meno yalikuwa yanagongana kwa baridi.

Duara lilifanyika chini ya veranda ya duka. Nuhu akasema maneno yake. Nikajibu langu. Safari hii wanawake wawili waliokaa karibu nami walisogea kidogo.

Alhamisi, 11 Desemba

Kila mwaka mimi ndiye ninayeshona mashungi ya kijani ya wanawake wa msafara. Leo Samia alikuja kupimwa.

Nilikuwa nimemjengea sura kichwani kwa miezi yote hii. Nilidhani ana majivuno. Ni binti mwembamba anayevua ndala mbali na mlango na kusema shikamoo mara mbili kwa sababu ya kwanza hakuwa na hakika kama imesikika. Nikamsimamisha karibu na dirisha, nikaanza kumbania kitambaa kwa pini.

Akasema, "Dada, nilitaka kukushukuru. Mume wangu aliniambia wewe mwenyewe ulitaka kutoka. Ningejua kuna mtu ndani nisingekubali. Mama yangu aliingiliwa katika ndoa yake hivyo hivyo, niliapa sitamfanyia mtu."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa moja moja, nikazibandika kwenye kitambaa, na nilipomaliza yeye alikuwa amekwishaanza kusifia mashine yangu.

Sikumwambia. Sijui kama ni huruma au ni uvivu. Nilipomwonyesha kwenye kioo alitabasamu kama mtoto wa Idi, nami nikaona sina tena mtu wa kumchukia katika ule upande. Umebaki upande mmoja.

Jumapili, 14 Desemba

Amesema. Nimesikia. Mvua.

Alhamisi, 25 Desemba

Dastani, kijana wa Kimakonde atakayetubebea mizigo kwa toyo lake, ile pikipiki ya matairi matatu, ametuletea pilau la Krismasi. Zulfa amekula sahani mbili.

Jumapili, 4 Januari

Mazoezi ya mwisho. Tulifanya mafupi, kisha kikao kirefu.

Masoudi alisema waziwazi, mguu wake bado umefungwa kitambaa: asiyesamehe abaki. Wapo walioitikia. Mwanamke mmoja akasema nipande basi, nitangulie Narung'ombe, nisubiri huko, ili nisiwe ndani ya msafara wala nje yake. Lilikuwa wazo la watu wanaotaka kunihurumia na kuniondoa kwa wakati mmoja.

Nuhu aliinamisha kichwa muda wote kama mtu anayevumilia. Anajua kuvumilia mbele ya watu.

Mzee Mbaruku aliacha kila mtu aseme. Mwishowe akasema, "Mama yake alitembea nasi mpaka alipoanguka. Binti atatembea. Kama njia itafungwa, tutajua huko huko." Hakunitazama alipokuwa anasema, na sikuona uso wake kujua kama ananitetea au ananiweka mahali pa kulaumiwa.

Jumatatu, 12 Januari

Tumetoka. Dua uwanja wa ndege, dufu mpaka tulipopita nyumba za mwisho, kisha miguu tu. Mahindi yamefika magotini mashambani. Watoto walitupungia. Dastani alipita na toyo akiwa ametandaza turubai juu ya mizigo, akatuahidi kutungojea kwa ugali.

Hakuna anayetembea sambamba nami. Mwanaima yuko hatua chache mbele, hageuki, lakini nikipunguza mwendo naye anapunguza.

Tumelala msikitini kwenye kijiji cha watu wakarimu. Tumekula muhogo na ming'oko, vile viazi vya porini. Miguu mizuri.

Jumanne, 13 Januari

Ruangwa mjini. Tulipoingia, watu vibandani walikuwa wanabishana habari za mpira, na vijana waliotoka Namungo kwenye machimbo ya dhahabu, vumbi hadi kope, walisimama wakatuachia njia. Mmoja akasema, "Tuombeeni." Masoudi akamjibu kwamba tutamwombea tukifika, akaongeza, "tukifika," mara ya pili.

Jumatano, 14 Januari

Hatujafika.

Asubuhi njia ilikuwa nzuri hata watu wakaanza kuimba. Baada ya adhuhuri tukafika kwenye korongo la mwisho kabla ya Narung'ombe. Miaka mingine tunalivuka tumeshika ndala mkononi. Leo limejaa kingo kwa kingo. Mvua ilinyesha huko juu, sisi hatukuiona. Tuliona maji tu, mekundu, yanaburuta matawi, na mara moja mkungu mzima wa ndizi. Dastani aliegesha toyo, akatupa fimbo ndefu majini, ikapotea. Akarudi akakaa kwenye usukani.

Watu walikaa chini kwenye nyasi. Wengine walianza dhikri, wakaacha. Kesho kutwa ni ziara yenyewe, na sauti za spika za Narung'ombe tulizisikia ng'ambo, hafifu, wanajaribu maikrofoni.

Masoudi ndiye aliyeanza. Hakupiga kelele. "Tuliambiwa toka Novemba. Njia imefungwa, mnaiona wenyewe."

Hapo kila mtu akawa na neno. Nikaambiwa nifikirie watoto, nifikirie wazee, nifikirie mwanamke mwenye kisukari aliyetoka nyumbani na chakula cha siku tatu tu. Niliyasikia yote kama mtu aliye ndani ya nyumba anavyosikia mvua juu ya bati. Ndipo Mwanaima akaja, akachuchumaa mbele yangu, akanishika magoti.

"Sema tu, Mama Zulfa. Neno moja. Moyo utafuata baadaye."

Hilo ndilo lililonipata. Wengine wote sikuwategemea.

Nuhu akainuka. Alisimama pale pale anaposimama kila Jumapili, hatua mbili mbele yangu, mikono ameifumbata mbele. Samia alikuwa nyuma yake ameshika mfuko wao.

"Mama Zulfa, nisamehe kama nimekukosea."

Nikasema, "Toa hiyo kama."

"Nini?"

"Kila Jumapili unaniambia kama. Kama nimekukosea. Hujui? Mimi siwezi kusamehe kitu ambacho mwenyewe hujui kama kipo. Sema ulichonifanyia, kisha uombe."

Alicheka kidogo, akamgeukia Mzee Mbaruku. "Mzee, hapa si mahakamani."

Nilijua atakachosema mzee. Atasema tulieni, atasema sisi ni ndugu, atasema Shetani ameingia kati. Mzee Mbaruku alikuwa amekaa kwenye gunia la mchele, miguu imevimba, ametazama maji.

"Nuhu," akasema. "Umeulizwa."

"Lakini mzee…"

"Mimi nilipaswa kukuuliza mwezi wa nane. Sikukuuliza, nikaona ni aibu. Sasa ameuliza mwenyewe. Jibu."

Nuhu akatazama chini, akasema kitu.

"Sauti, Nuhu," Mwanaima akasema. Alikuwa bado amechuchumaa mbele yangu, lakini alikuwa amegeuka. "Kaswida unaimba tunasikia mpaka nyuma."

Akainua sauti. Ilikuwa sauti nyingine kabisa, kavu, ambayo katika ndoa yetu nzima sikuwahi kuisikia.

"Hakuondoka. Nilimwacha mimi. Nilioa wakati yuko hospitali na mama yake, hakujua. Talaka nilimpa kwa simu siku ya hitima. Nanyi niliwaambia ameondoka mwenyewe kwa sababu… kwa sababu ningewatazamaje?" Akageuka nyuma. "Na Samia nilimwambia hivyo hivyo. Nisamehe, Mama Zulfa."

Ile kama haikuwemo.

Wote walinitazama. Masoudi naye. Ningesema lile neno pale, watu wangelia, na pengine mimi pia. Nililitafuta. Halikuwepo.

"Nimesikia," nikasema. "Leo nimesikia kweli. Nyumba umenibomolea, lakini ukweli umenirudishia, na hilo nakushukuru. Kusamehe bado. Kukija nitasema. Siwezi kuwadanganya kwa sababu ya maji."

Masoudi alifungua mdomo. Mzee Mbaruku akamwinulia kiganja. "Inatosha. Tutalala hapa hapa. Maji yakipungua tutavuka, yasipopungua tutazuru kutoka ng'ambo hii. Shekhe anasikia."

Samia aliweka mfuko chini taratibu, akatoa kanga yake na ndala zake, akauacha mfuko miguuni pa Nuhu. Akaja akakaa kwa wanawake. Hakulia. Nuhu alibaki amesimama, na hakuna aliyemwambia akae.

Alhamisi, 15 Januari

Asubuhi maji yalikuwa magotini. Wapo wanaosema ni kwa ajili ya maneno ya jana. Mimi ninachojua ni kwamba usiku mvua haikunyesha.

Tulivuka tumeshikana mikono. Mkono wangu wa kushoto alikuwa Mwanaima, wa kulia akaja kuushika Samia. Katikati ya maji akasema, "Sikujua, dada."

"Siku ile ya kupimwa nilitambua hujui. Ningekuambia. Sikukuambia."

"Ungeniambia nisingekuamini."

Hilo nalo ni kweli. Tulifika Narung'ombe kabla ya adhuhuri, wenyeji wakatupokea kwa dufu na uji. Masoudi alinipitishia kikombe. Nikapokea.

Jumatatu, 19 Januari

Nimerudi nyumbani tangu jana. Tumesafiri kwa lori, wote tumelala njiani kama magunia. Samia ameshuka Ruangwa akapanda basi la kwenda kwa mama yake Mtama. Alisema atarudi kwa Nuhu akishafikiri, au hatarudi. Hakuniomba ushauri na sikumpa.

Leo asubuhi Mwanaima alikuja na vitumbua, akakaa pale kwenye mlango akasema, "Nilikukosea kule korongoni." Nikamsamehe papo hapo, kabla hajameza mate. Sikujua kama jambo hilo linaweza kuwa jepesi hivyo. Tukala.

Kuna jambo la Ijumaa, siku ya ziara, sikuliandika kwa sababu sikujua niliweke wapi.

Baada ya sala ya alasiri watu waliingia kwenye jengo la kaburi kwa zamu. Ndani kuna mwalimu mmoja mzee wa pale pale Narung'ombe, anayewasomea watu dua. Unamnong'oneza jina, anakuuliza ni hai au marehemu, kisha analitia katika dua yake. Miaka yote mama yangu ndiye aliyekuwa akinong'ona, mimi nasema amina.

Zamu yangu ilipofika nilipiga magoti nikamtajia mama. Akauliza, "Hai au marehemu?" Nikasema marehemu, na sauti yangu haikukatika. Nikamtajia Zulfa. "Hai au marehemu?" Hai, mwalimu, anasoma. Akatabasamu, akangoja. "Mwingine?"

Nilikuwa nimekwisha. Nilikuwa hata nimeshika kanga yangu niinuke. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nuhu."

Mwalimu hakumjua Nuhu ni nani. Kwake lilikuwa jina kama majina mengine yaliyopita siku ile. Akaniinamishia sikio.

"Hai au marehemu?"

Nilichelewa kujibu. Wanawake nyuma yangu walianza kusogea kwa kudhani nimemaliza. Nikageuza kichwa, nikamwona kupitia mlangoni, amekaa nje peke yake karibu na viatu vya watu, ameshika ndala zake mwenyewe mapajani kama anayeogopa kuingia.

"Hai," nikasema. "Yupo pale nje. Msomee."